Usimwambie "Ni Mgonjwa": Kupeleka Habari ya Kifo cha Ghafla

Mtu akifariki ghafla hapa Mombasa, iwe ni ajali ya bodaboda Bombolulu, kuzama Likoni au moyo kusimama akiwa kazini Shimanzi, jamaa walio mbali hupigiwa simu yenye uongo ule ule: "Njoo nyumbani, hali ya baba si nzuri." Nia ni njema, maana watu huogopa asije akaanguka njiani. Lakini mfikirie kijana aliyepanda basi Nairobi saa tatu usiku, anamuombea babake dua apone. Basi likasimama Mtito Andei, akafungua simu, akakuta picha ya babake na chini yake watu wamejaza pole. Amepata habari kwa watu asiowajua, usiku, nusu ya njia, peke yake. Na juu ya hayo amejua kwamba nduguze walimdanganya. Msiba atauzoea. Hilo la pili huwa gumu zaidi.

Basi ukweli usemwe. Kazi iko katika namna ya kuusema.

Kabla ya mtu kuvaa viatu, hakikisha mambo matatu: jina kamili la anayesemwa amefariki, nani ameuona mwili kwa macho yake, na mwili uko wapi saa hii. Kitambulisho kilichokutwa mfukoni si ushahidi. Koti huazimwa, pochi huibwa, simu huokotwa. Mtu aliyelala barabarani huambiwa "amekata roho" na kila anayepita, kumbe kazirai tu. Mpaka daktari athibitishe, habari uliyonayo ni ya ajali, si ya kifo. Sema hivyo hivyo: "Amepata ajali kubwa, amekimbizwa hospitali, twende." Huo si uongo, ndio mwisho wa unachokijua. Na aliyeungua hatambuliki kwa macho. Hapo neno ni "inaaminika ni yeye, bado hajatambuliwa", hata kama mtaa mzima umeshaanza kulia.

Waende watu wawili au watatu. Mmoja awe wa ukoo ambaye neno lake halipingwi: mjomba, shangazi, ami. Kama anayepewa habari ni mwanamke, lazima awemo mwanamke, kwa sababu atahitaji kushikwa, na katika nyumba nyingi zetu mwanamume wa nje hawezi kumkumbatia. Wa tatu ni wa watoto, simu na mlango. Mkubaliane njiani nani atasema, wengine wanyamaze. Imamu au mchungaji ni faraja kubwa, ila asitangulie yeye mlangoni. Kanzu na kofia alfajiri, kabla ya salamu, tayari ni habari, na mama atapiga ukelele kabla hamjajua kama amesikia la kweli au amekisia jina la mtoto mwingine.

Mkishakaribishwa, tazama jiko. Mama wa Majengo au Kisauni saa kumi na mbili asubuhi huenda yuko mbele ya karai la mafuta, anapika mahamri ya kuuza. Ipua karai, weka mbali, ndipo umshike mkono umkalishe. Mtoto aliye mapajani apokewe na yule wa tatu. Kaa naye usawa mmoja: akiwa kwenye mkeka, nawe kaa mkekani. Yote haya dakika moja au mbili, isizidi. Ukianza kuuliza habari za wajukuu na bei ya unga, unamtesa, kwa sababu ameshaona uso wako.

Sasa neno lenyewe. Kiswahili kina stara nyingi kwa kifo: ametutoka, hatunaye, ametangulia mbele ya haki, amelala, Mola amemchukua. Ni maneno mazuri ya matangani. Mlangoni hayafai. Akili iliyoshtuka hutafuta tundu la kuponyokea, nayo husikia "ametutoka" ikauliza "ametoka kwenda wapi?" Wengine husikia "amelala" wakauliza wadi. Neno ni "amefariki". Lina heshima, na halina maana ya pili. "Amekufa" ni wazi pia, ila masikioni mwa watu wengi wa Pwani ni kavu mno kwa mtu wako. Tanguliza sentensi moja ya kumtayarisha, kisha sema:

"Mama Salim, nimekuja na habari nzito sana. Salim amegongwa na lori leo alfajiri, pale Mariakani. Amefariki."

Kisha nyamaza. Hapa ndipo wengi huharibu, maana kimya kinawaunguza wao kuliko mfiwa. Wanakijaza na "jikaze", "usilie", "kazi ya Mungu haina makosa". Muislamu atasema mwenyewe *Inna lillahi wa inna ilayhi raji'un* ikimfikia. Mwitikie hapo, usimtangulie. Usimwite Salim "marehemu" wala "maiti" siku hiyo. Muite jina lake. Na usiseme hakuteseka kama hujaambiwa hivyo na daktari, kwa sababu ripoti ya upasuaji wa maiti itakuja kusomwa.

Atakachofanya hukijui. Kuna anayepiga mayowe, anayecheka, anayekukamata kifua na kukuita mwongo, na anayesimama kurudi kukanda unga kama hakusikia kitu. Huyu wa mwisho ndiye wa kuangaliwa zaidi. Mwambie tena, kwa maneno yale yale. Akizirai, mlaze chali, inua miguu yake, fungua madirisha, watu wasimzonge. Usimmiminie maji mdomoni, yataingia mapafuni. Wenye presha na kisukari wapewe dawa zao za kila siku kwa wakati wake na waulizwe kama wamekula. Vidonge vya usingizi vya jirani, hapana.

Maswali yatakuja kwa duru: wapi, saa ngapi, vipi, alikuwa na nani, yuko wapi sasa. Jibu fupi na la kweli, na usilolijua sema "sijui, nitauliza". Majeraha usiyaeleze. Saa na tarehe ya kifo ni muhimu kuliko watu wanavyodhani, hasa kwa mjane wa Kiislamu: eda yake, yaani kipindi cha mjane kungoja kabla ya kuolewa tena, ya miezi 4 na siku 10 kwa wanazuoni walio wengi huhesabiwa tangu mume alipofariki, si tangu yeye alipoambiwa. Anayeficha habari siku tatu anamvurugia hesabu.

Watoto nao huambiwa, na neno ni lile lile. "Baba amesafiri" humfanya mtoto akae barazani kila jioni kungoja. "Baba amelala" humfanya aogope kitanda. Mwambie baba amefariki, mwili wake hausikii tena njaa wala maumivu, hatarudi, na atakayempeleka shule kesho kutwa ni fulani. Usishangae akiuliza "sasa ninaweza kwenda kucheza?" Mwache aende.

Simu ni ya pale ambapo miguu haifiki, na mji huu una watu wengi wasikofika miguu: walioko Jeddah, Dubai, Doha, mabaharia walio melini. Mtafute kwanza mtu aliye karibu naye, rafiki wa chumba au mwajiri, akae naye. Ukimpigia mwenyewe, swali la kwanza ni "Uko wapi, na uko na nani?" Akiwa usukani, mwambie aegeshe kisha akupigie. Saudia na Qatar saa ni zetu, Dubai wametangulia saa moja, Uingereza wako nyuma kwa saa 2 au 3 kutegemea msimu. Habari hii haingoji mchana, ila ujue unamwamsha. Usiitume kwa maandishi, wala kwa sauti ya WhatsApp atakayoisikiliza ndani ya matatu.

Mpangilio ni mume au mke, wazazi, watoto, ndugu. Kisha ukoo, kisha msikiti na kanisa, kisha magrupu. Mtu mmoja ashike orodha na kutia alama kila aliyeambiwa. Spika ya msikiti ikitangaza kabla mama mzazi hajafikiwa Mtongwe, habari itavuka feri kabla yenu.

La mwisho la siku hiyo hiyo, na ndilo huzua ugomvi: polisi. Kifo cha ajali, cha kuzama, cha kujiua au cha kutiliwa shaka huchunguzwa na polisi, na mara nyingi maiti hupasuliwa kabla ya kutolewa. Familia iliyokwisha kuchimba kaburi Kikowani ikitaka kuzika baada ya alasiri huona inachezewa. Waambie mapema, pale pale mkekani, kwamba huenda isiwezekane leo, na mtume mtu kituoni mara moja kuchukua namba ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha polisi, na kuomba haraka kwa sababu za dini. Mochari waende watu wawili wanaomjua vizuri, na vitambulisho vyao na cha aliyefariki. Asipelekwe mama wala mjane ikiwa kuna kaka. Aliyetangulia kuona amweleze anayefuata atakachokiona: ubaridi, uvimbe, harufu ya dawa, shuka itakayofunuliwa hadi shingoni tu. Aliyefia nyumbani kwa maradhi yanayojulikana njia yake ni fupi, kupitia kwa naibu wa chifu, ndipo kibali cha kuzika.

Hayo yote yaandike kwenye karatasi umwachie mwenye nyumba, mwili uko wapi, namba ya OB, nani ana funguo. Mfiwa hatakumbuka hata nusu ya ulichosema.

Na simu ya aliyefariki msiizime. Ichajiwe, akae nayo mtu mzima mmoja, kamwe si mtoto. Itaita: deni, kazi, rafiki wa Lamu ambaye hajui lolote, anayeanza kucheka kabla hujasema halo. Jibu: "Mimi ni kakake. Uko wapi sasa hivi? Uko na nani?"