Mbwa jike aliyetolewa kizazi akilowesha anapolala, anza na mkojo wake

Jamani kama mbwa wako jike alishatolewa kizazi na asubuhi unakuta kitanda chake kimelowa, naomba usimfokee. Mi nilimfokea Tausi wangu karibu wiki mbili nikidhani ni ukaidi, kumbe mwenyewe hata hajui, anaamka anakuta amelowa anaanza kujilamba, nikikumbuka hadi leo naumia.

Tausi ni German Shepherd, kilo 31, kizazi alitolewa mapema na tatizo likaja miaka mitatu baadaye, ndo maana sikuunganisha kabisa. Kliniki ya kwanza wakasema UTI, akachomwa antibiotiki bila mkojo kupimwa, hali ikabaki vilevile akachomwa tena. Daktari wa pili ndo akaniuliza: anavuja akiwa amelala, au anachuchumaa kabisa anakojoa? Nikamwonyesha video kwenye simu, yuko usingizini mkojo unatoka wenyewe. Angekuwa anachuchumaa kila mara anajikamua, au kuna damu, hapo ndo unawaza UTI au mawe kwenye kibofu.

Akanituma nipime maji anayokunywa kwa saa 24. Yakizidi mililita 100 kwa kila kilo ya mwili ni mengi mno, atafutwe kisukari, figo na mengineyo. Tausi alikunywa kama lita moja na nusu, kawaida tu.

Mkojo wa kwanza wa asubuhi niliukinga kwa upawa safi, nikamnyemelea kwa nyuma, kama huwezi kuuwahisha maabara weka kwenye friji. Wa kuotesha bakteria daktari aliuvuta mwenyewe kwa sindano toka kwenye kibofu, ndo usiochafuka. Bakteria hakuna, sukari hakuna, damu na ultrasaundi viko sawa, basi ikabaki msuli unaobana njia ya mkojo, unalegea homoni ya estrojeni ikipungua baada ya kizazi kutolewa, na mbwa wakubwa wa zaidi ya kilo 20 ndo hupata zaidi. Akapimwa presha kwanza ndo akaanzishwa fenilpropanolamini, dawa ya kukaza huo msuli, maana inaweza kuipandisha presha.

Kama wako anavuja tangu akiwa mtoto mwambie daktari mapema, huenda mirija ya kutoka kwenye figo imeungana pasipo pake, hiyo ni habari nyingine kabisa. Na maji usimnyime, hata usiku.