Msiniombe namba ya rangi ya sebule yangu

Tangu niweke picha za sebule yangu ya Sahare, hapa Tanga, simu haitulii. Juzi dada mmoja anayejenga Pongwe kaniandikia: "Nitumie namba ya hicho kijivu chepesi, fundi anaanza Jumatatu." Namba ninayo. Sikumpa, na si kwa uchoyo.

Kijivu chepesi kina siri. Kwenye kadi ya dukani unaona kijivu tu, kikishaenea ukuta mzima ndipo kinatoa kilichomo: ubuluu, ukijani, uzambarau, au uhudhurungi kidogo. Ukitaka kukijua mapema, weka kadi juu ya karatasi nyeupe pepe, ukilinganishe na vijivu vingine viwili vitatu. Hapo kinajisema chenyewe. Kwangu milango ni ya mninga na marumaru ni za krimu, kwa hiyo nilichukua chenye uhudhurungi. Dada wa Pongwe ana marumaru nyeupe zenye mistari ya samawati. Namba yangu ingemsaidia nini?

Halafu kuna mwanga. Wenzetu wa Ulaya wanaandika kwamba chumba kinachotazama kaskazini hakipati jua, kipakwe rangi yenye joto. Kwao ni sawa. Tanga tuko nyuzi 5 hivi kusini mwa ikweta: jua linatupita utosini mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba, na katikati ya mwaka liko upande wa kaskazini. Kwa hiyo ushauri huo ukiufuata kama ulivyo, umepotea. Kwetu tazama zaidi mashariki na magharibi. Sebule ya mashariki ina mwanga mkali asubuhi, alasiri inapoa. Ya magharibi, saa kumi na moja jioni kijivu chote kinageuka dhahabu. Na kama una mwembe dirishani, majani yake yatatia ukijani ukutani upende usipende.

Dawa ni kujaribu. Nunua kopo dogo, paka kipande kikubwa, mikono miwili (yaani urudie mara ya pili), kwenye kuta mbili tofauti. Kitazame asubuhi, mchana, na usiku taa zikiwaka. Taa hasa! Balbu ya 6500K (K ni kipimo cha rangi ya mwanga wa taa) inazidisha ubuluu, ya 3000K inaleta umanjano. Kuna watu wanarudia kupaka nyumba nzima kumbe cha kubadilisha kilikuwa balbu. Na usihukumu rangi ikiwa mbichi, subiri ikauke, maana mara nyingi hukolea.

Sasa niseme la moyoni. Fundi alipomaliza kuta, kabla hajagusa dari na fremu, tulikuwa na maulidi nyumbani. Wifi yangu mmoja akasimama katikati ya sebule, wageni wamekaa, akauliza: "Wifi, rangi mtapaka lini? Au hela imeishia kwenye plasta?" Watu wakaangua kicheko. Nami nilicheka, lakini lilinichoma, na mpaka leo nikilikumbuka nanuna. Dari lilipopakwa nyeupe safi, na fremu vilevile, kila mtu akaona kumbe ukuta una rangi. Kijivu bila weupe jirani yake hakisomeki. Pia kataloji nyingi zinaonyesha kipimo cha mwanga unaorudishwa na rangi, 0 ikiwa nyeusi kabisa na 100 nyeupe kabisa. Mimi sishuki chini ya 60, huko ndiko kwenye kufanana na simenti. Mwezi huu wifi huyohuyo kaniomba picha ya kopo. Nimemjibu ajaribu kwanza ukutani kwake.

Dada zangu, tusijenge kwa macho ya wageni. Mgeni anakula pilau anaondoka, ukuta unabaki na wewe. Jaribu kwako, kwa mwanga wako, kwa milango yako.

Habari za msasa na skimu ya kulainisha ukuta naziruka, fundi wako anazijua kuliko mimi. Ila usimruhusu apake rangi juu ya plasta mbichi. Ipe wiki nne hivi ikauke, na kwa sisi wa karibu na bahari, pakitoka ungaunga wa chumvi utafute kwanza unyevu unaingilia wapi.

Ukishapata kijivu chako, andika namba ya mchanganyo na kama ni ya kung'aa au isiyong'aa, uibandike ndani ya mlango wa kabati. Watoto wakichora ukuta, utachanganyiwa ileile. Lakini rudia ukuta mzima, kona hadi kona, kwa sababu kiraka kwenye kijivu huonekana toka mlangoni.