Gome la mti kwenye chanjo ya saratani: maswali yenu

Nimesikia kuna mti unaotiwa kwenye chanjo za saratani. Nikichemsha gome lake nikanywa, nitapata kinga? (Msomaji, Morogoro)

Mti huo ni Quillaja, asili yake Chile. Ukilisaga gome lake na kulitikisa kwenye maji, linatoa povu jingi kama la sabuni, na huko wamelifulia nguo tangu zamani. Povu hilo linatokana na saponini. Watafiti walizichambua, wakatenga moja waliyoiita QS-21, inayoziamsha seli za kinga mwilini. Kitu kama hicho kinachotiwa kwenye chanjo ili kuamsha kinga huitwa kisaidizi.

Usichemshe, nakuomba. QS-21 ikiwa peke yake hupasua chembe nyekundu za damu, ndiyo maana kwenye chanjo ya mkanda wa jeshi imechanganywa na vitone vya mafuta vyenye kolesteroli. Kipimo chake ni mikrogramu 50, karibu na uzito wa punje moja ya chumvi laini. Nani atapima hivyo kwa sufuria?

Kwani chanjo haiwezi kufanya kazi bila kisaidizi? (Msomaji, Mombasa)

Baadhi zinaweza. Nyingine mwili huzipuuza. Miaka ya 1920 Mfaransa Gustave Ramon aliona kuwa farasi waliovimba pale walipodungwa chanjo ya dondakoo walitoa kingamwili nyingi zaidi. Akaanza kuchanganya chanjo na vitu vya kuleta uvimbe, mojawapo tapioka, yaani wanga wa muhogo huu huu wetu! Kwa saratani kazi ni ngumu zaidi, kwa sababu seli zake zimetoka mwilini mwako mwenyewe, na askari wa kinga huwa hawawashtukii watu wa nyumbani.

Baba ana saratani ya mapafu. Chanjo hiyo tuipate wapi? (Msomaji, Kisumu)

Pole sana, ndugu yangu. Hadi sasa hakuna chanjo ya kutibu saratani yenye QS-21 iliyoidhinishwa, kwa hiyo anayekuuzia anakuibia.

Tena ilijaribiwa kwa saratani hiyo hiyo ya baba. Chanjo ya MAGE-A3 ilibeba protini ya uvimbe wa saratani pamoja na mchanganyiko wenye QS-21, ikapewa wagonjwa waliokwisha kupasuliwa, katika jaribio la watu zaidi ya 2,200. Miili yao ilitengeneza kingamwili, lakini saratani ilirudi karibu sawa na kwa waliodungwa sindano isiyo na chanjo. Mwaka 2014 jaribio likasimamishwa. Jambo hili huniuma kila nikilisoma, maana kisaidizi kiliamsha kinga kweli, ila kinga iliyoamshwa haikutosha kuushika uvimbe. Hapo ndipo watafiti walipo: kinga ielekezwe kwenye shabaha ipi, na kwa mgonjwa yupi.

Baba asiache matibabu aliyopangiwa. Akipewa nafasi kwenye jaribio, ulizeni kwa maandishi nani anagharamia, na kumbukeni ana haki ya kujitoa siku yoyote.

Je, kitu cha gome hilo ni salama kwa mtoto? (Msomaji, Siaya)

Chanjo ya malaria ya RTS,S, inayotolewa kwenu tangu 2019, ina QS-21, nusu ya ile ya mkanda wa jeshi. R21, chanjo nyingine ya malaria, nayo hutumia saponini za mti huo huo. Homa na maumivu pale alipodungwa ni kawaida. Homa ikipanda sana, au mtoto akipata degedege, mrudishe kituoni siku hiyo hiyo.