Programu ya noti: usisubiri ikamilike

Mdogo wangu, umeuliza kama uimalize kwanza programu yako ya kuandikia noti ndipo utafute watumiaji hapo Mbeya. Usisubiri. Wape wenzako wachache wa MUST, chuo kikuu cha sayansi na teknolojia hapo Mbeya, na mama mmoja anayeuza parachichi Tukuyu na kuandika madeni kwenye daftari, kisha kaa pembeni uone wanakwama wapi. Usiwaelekeze!

Cha kuamua mapema ni mafaili. Hifadhi noti kama maandishi ya kawaida, kwa mtindo wa Markdown (alama chache kama # na * za kuonyesha vichwa na herufi nzito), ndani ya simu yenyewe. Obsidian, programu ya noti iliyotoka 2020, imejengwa hivyo: ukiacha kuitumia, noti zako unabaki nazo na zinafunguka kwa programu nyingine. Na bando likiisha mtu anaendelea kuandika, jambo ambalo huku kwetu si dogo. Kusawazisha simu na kompyuta kuje baadaye. Noti moja ikihaririwa sehemu mbili kwa wakati mmoja, utakesha ukitafuta namna ya kuzipatanisha.

Kundi la WhatsApp la watumiaji linatosha kuanzia, ila maombi yao ya maboresho hupotea humo upesi, kwa hiyo yaandike GitHub, tovuti ambako waprogramu huweka kodi na kufuatilia maombi. Ukikataa ombi, toa sababu. Atakayeanza kuwajibu wenzake bila kuombwa, mfanye admini hata kama hajui kuprogramu.