Mei, Lake Superior: hiyo wetisuti iache dukani

Usinunue. Kama umeshalipia, irudishe leo. Unasema unaanza kupiga kayaki Duluth, mji wa Marekani ulio kando ya Lake Superior, mwezi huu wa Mei, hewa imefika nyuzi 20, muuzaji kakuhakikishia wetisuti (vazi la mpira la kubana mwili) ya unene wa milimita 3 "inatosha", halafu unauliza glavu zipi na kayaki ya urefu gani. Hilo "inatosha" limenipandisha presha, maana na mimi niliuziwa neno hilohilo.

Niliambiwa draisuti, vazi lisiloingiza maji kabisa, ni ya wale wanaovuka bahari. Nikatoka na wetisuti isiyo na mikono, jua linawaka, nikapinduka hapo hapo karibu na ufuko. Maji ya Lake Superior mwezi wa Mei ni nyuzi 4 hivi. Kinachoanza kukupata ni pumzi: kifua kinabana, unahema kwa kasi bila kutaka, na uso ukiwa chini unavuta maji. Jaketi la kujiokolea ndilo lililoniweka juu. Pumzi iliporudi, vidole vilikuwa vimeshakufa ganzi. Kasia lilielea mbele yangu, mkono unalifikia, haushiki. Mwenzangu ndiye aliyenivuta hadi nchi kavu. Na yule muuzaji nilimtajia ziwa, nikamtajia na mwezi! Alijua, akauza. Kwangu huko ni kuchezea roho za watu.

Vaa kwa ajili ya maji, hewa achana nayo. Profesa Gordon Giesbrecht wa Kanada anafundisha hesabu ya 1-10-1: dakika 1 ya kutuliza pumzi, dakika 10 za viungo kukutii, saa 1 hivi kabla baridi haijakuzimisha fahamu. Wetisuti huruhusu maji kidogo yaingie ili mwili uyapashe joto. Hiyo nyembamba, kwenye nyuzi 4, haikufikishi mbali. Draisuti hubana shingoni na kwenye vifundo vya mikono kwa mpira, unabaki mkavu. Ila yenyewe haina joto, kwa hiyo ndani vaa sufu au flisi (kitambaa laini cha sintetiki chenye manyoya), pamba kamwe. Zipu ifunge mpaka mwisho.

Pesa haitoshi? Kodisha. Ukikosa, subiri kiangazi uanzie kwenye maziwa madogo, yanapata joto mapema kuliko Superior. Na ukiipata draisuti, kabla ya safari yoyote ingia nayo majini hadi kiunoni, mwenzako akiwa kando, uchuchumae utoe hewa kupitia shingoni, uone kama kuna panapovuja.