Ganda linakwama kwenye chemba

SWALI: Shikamoo mzee. Mimi ni polisi wa akiba, Njoro. Bunduki ya G3 niliyopewa inafyatua vizuri, lakini ganda la risasi linabaki ndani. Niombe springi mpya?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Springi iache kwanza. Toa magazini, hakikisha hakuna risasi kwenye chemba, pale risasi inapokaa kabla ya kufyatuliwa. Miaka niliyokuwa fundi wa silaha hapa Nakuru, G3 nyingi zilizoletwa na shida hiyo zilikuwa chafu tu. Chemba yake ina mifereji 12 myembamba; gesi hupita humo ili ganda lisigande ukutani. Masizi na vumbi vikiiziba, ganda hung'ang'ania. Brashi ya mtutu haitoshi, omba ile ya chemba. Ukucha wa kuvutia ganda ukiwa umevunjika ncha, mpelekee fundi wa kituo. Na tafadhali, usichokonoe kwa msumari!