Kitini hiki au kitini hii?

Msomaji anayefundisha biolojia ameniletea sentensi ya mwanafunzi wake: "Kuvu ni mmea kwa sababu seli zake zina kuta, na kitini kinaimarisha kuta hizo." Anauliza kuhusu kitini, ile dutu inayoitwa "chitin" kwa Kiingereza: kinaimarisha au inaimarisha?

Mimi naandika "inaimarisha". Ki- hiyo si kiambishi cha ngeli, ni sehemu ya shina. Mwanakemia Braconnot aliipata dutu hii kwenye uyoga mwaka 1811, kisha mwaka 1823 mtafiti Odier, aliyeikuta kwenye wadudu, akaipa jina kutokana na neno la Kigiriki la vazi. Tena haihesabiki. "Kilo" nayo inaanza kwa ki-, lakini hakuna anayesema vilo viwili. Mbishi atanitajia "kitabu", neno la Kiarabu ambalo ki- yake ni ya shina vilevile na bado tukapata vitabu. Kweli, hapo sina la kujibu. Ila kitini cha ki-/vi- tunacho tayari: zile karatasi anazogawa mwalimu darasani. Upatanisho ndio unaotuokoa: "Kitini hiki kinaeleza jinsi kitini hii inavyoimarisha ukuta." Ukiweka ki- kote, mtu atadhani seli zimejengwa kwa karatasi.

"Kuta" yuko sawa, ni wingi wa ukuta. Asiuchanganye tu na utando, ile ngozi nyembamba ambayo kila seli inayo, hata ya mnyama. Ukuta uko nje ya utando.

Kosa lenyewe hasa liko kwenye "kwa sababu". Bakteria wengi nao wana kuta, na hakuna anayewaita mimea. Cha kuangalia ni ukuta umejengwa kwa nini: wa mimea kwa selulosi, wa bakteria kwa peptidoglikani, wa kuvu kwa kitini na glukani. Phytophthora infestans, kiumbe kinachoozesha viazi, kiliitwa kuvu miaka mingi kwa kuwa kina nyuzi kama za kuvu. Ukuta wake una selulosi, na kitini karibu haimo. Jeni zake nazo zikathibitisha kwamba ni wa ukoo mwingine. Huyo mwite ukungu ukitaka, maana ukungu ni jina la sura tu, lakini si kuvu.

Kwa hiyo mwanafunzi aandike: "Kuvu si mmea, kwani kuta za seli zake zinaimarishwa na kitini, si selulosi."